Penzi la Skrini Lisiloshika: Dalili, Chanzo na Pa Kugusa Kwanza

Lalamiko huwa ni lile lile: "Sikuamini kwamba wale wawili wanapendana." Anayelisema kwa kawaida yuko sahihi. Tatizo ni pale anaponyoosha kidole. Atakuambia busu la epizodi ya nane lilikuwa baridi, au maneno ya kuagana yalikuwa ya kuigiza mno. Ukimfuata, utalirefusha busu, utaongeza mvua, utapandisha muziki, na busu litabaki baridi vile vile, maana ubovu uko epizodi ya pili, katika sini (onyesho moja la hadithi) ambayo hakuna aliyeilalamikia kwa sababu hakuna aliyeikumbuka.

Kwa hiyo kila dalili hapa tutaitafutia chanzo nyuma ya pale inapoonekana, kabla ya kumsumbua mwigizaji au kumlaumu mhariri. Mwongozo ni wa anayeandika, anayeongoza au anayehariri. Mtazamaji anayejiuliza kwa nini filamu nzuri ilimwacha mkavu naye atapata pa kushika.

Ili tusiongee hewani, tuchukue wahusika wawili wa kubuni. Rehema ni dereva wa gari la wagonjwa. Kito anapokea simu za dharura usiku na kuwaelekeza madereva kwa redio. Skripti inadai kwamba watapendana, na tutaikagua inavyodai.

Kabla hujagusa chochote

Chukua karatasi. Orodhesha kila sini ambayo wawili hao wako pamoja au wanazungumza, hata kama ni kwa redio tu. Mbele ya kila sini andika mstari mmoja: baada ya hapa, nani anajua nini, au anafanya nini, ambacho kabla ya hapa hakukijua wala hakukifanya? Usiandike wanavyojisikia. "Wanazidi kukaribiana" si jibu, hayo ni matumaini yako. "Kito ameshajua kwamba Rehema hapiti darajani, ingawa hajui kwa nini" ni jibu.

Ukimaliza, tazama mistari uliyoshindwa kuijaza. Ikiwa imefuatana mitatu au minne katikati ya hadithi, umeshapata jeraha lenyewe, na huenda usihitaji kusoma zaidi ya sehemu inayofuata.

Kipimo cha pili ni cha kubadilisha mtu. Mtoe Kito, weka mwanamume mwingine yeyote mwenye sura nzuri, roho nzuri na kazi ya heshima. Pitia mazungumzo yote. Kama hakuna sentensi iliyoharibika, Rehema hampendi Kito. Anapenda kiti kilichoandikwa "mpenzi", na yeyote angekikalia.

"Hivi wamependana lini?"

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mwandishi akiambiwa kwamba penzi limekuja haraka, anaongeza muda. Anaweka wimbo, na juu ya wimbo anapanga picha: wanacheka, wanakimbizana, mmoja anampaka mwenzake kitu puani, jua linazama. Wimbo ukiisha, miezi sita imepita na wanashikana mikono. Kalenda imesogea kweli, lakini mtazamaji hakuwepo. Ameonyeshwa risiti ya kitu ambacho hakukishuhudia kikinunuliwa.

Muda wenyewe haukuwa ugonjwa. Filamu ya Before Sunrise ya mwaka 1995 inabeba mapenzi yote ndani ya muda usiofika siku moja mjini Vienna. When Harry Met Sally ya 1989 inaanzia mwaka 1977 na kuwafuata wawili wake kwa miaka 12, tena kwa kuruka miaka mingi bila kutuonyesha. Moja ni ya saa chache, nyingine ni ya muongo na zaidi, na watazamaji wamezikubali zote mbili. Zinafanana katika jambo moja tu: kila mmoja anapomjua mwenzake, sisi tuko chumbani.

Chanzo kingine chini ya dalili hii ni matukio kufanya kazi ambayo wahusika walipaswa kuifanya. Wamekwama kwenye lifti. Wamenaswa na dhoruba. Wamelazimika kulala chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Mambo hayo si mabaya, nami ni mmoja wa wanaoyafurahia, lakini kazi yake ni kuwaweka pamoja tu. Hayawapendanishi. Jiulize: lifti ilipofunguka, nani alichelewa kutoka, na alikuwa na sababu gani ya kuharakisha? Hadithi ambayo mhusika hajachagua hata mara moja kubaki mahali alipoweza kuondoka bado haijatuonyesha penzi.

Na chanzo cha tatu, ambacho nakiweka mbele ya vyote, ni kutoonana. Simaanishi kutokutana, namaanisha kwamba hakuna anayemwona mwenzake. Hii hapa sini ya Rehema na Kito jinsi inavyoandikwa mara ya kwanza:

KITO (redioni): Dada Rehema, umechoka?
REHEMA: Sana, kaka yangu.
KITO: Nakuelewa. Kazi hii ni ngumu. Ila wewe ni mwanamke jasiri sana.
REHEMA (anatabasamu): Asante. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Hakuna kosa unaloweza kulizungushia kalamu nyekundu. Ni maiti tu. Kito angeweza kumwambia dereva yeyote maneno hayo, na "hakuna aliyewahi kuniambia hivyo" ni mwandishi anayejipigia makofi mwenyewe. Sasa tazama hii, tukijua kwamba katika sini mbili zilizopita gari la Rehema lilizunguka mbali ili kukwepa daraja, na hakuna aliyemuuliza:

KITO (redioni): Gari namba nne, kuna mgonjwa wa kuhamishwa kutoka ng'ambo. Hali yake nzuri, hakuna haraka. Pita barabara ya juu.
REHEMA: Ya darajani ni fupi.
KITO: Ni fupi, ndiyo. Pita ya juu.
Kimya. Rehema anaitazama redio. Amebonyeza kitufe, hajasema.
REHEMA: Nimepokea.

Kito hakumsifu wala hakumhoji. Aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, akakaa nacho, akakifanyia kazi, halafu akakifunika kwa lugha ya ofisi ili Rehema asione aibu. Rehema naye amejua kwamba amejulikana. Mstari wa karatasi yako umejaa kwa pande zote mbili. Zaidi ya hapo, sini ya mbele imeshajiandika yenyewe: usiku mgonjwa atakapokuwa mahututi, barabara ya juu imefungwa, na ni Kito huyu huyu atakayelazimika kusema "pita darajani".

Dawa basi: kabla hujaandika tamko lolote la mapenzi, mpe kila mmoja jambo moja kuhusu mwenzake ambalo hakuna mwingine amelitambua. Liwe dogo. Kisha mfanye atende kwa kulifuata, bila kulitangaza. Likitangazwa linageuka kuwa sifa, na sifa hugawiwa yeyote.

Wazuri wote wawili, na hakuna joto

Watazamaji husema "hawana kemia", na lawama huenda moja kwa moja kwa waliochaguliwa kuigiza. Wakati mwingine ni kweli. Ndiyo sababu watayarishaji makini huwafanyia usaili waigizaji wakiwa wawili wawili kabla ya kusaini mkataba, maana mtu anaweza kung'aa peke yake na kuzimika akisimama mbele ya mwenzake. Lakini hilo ni la mwisho kuangalia, kwa kuwa ndilo ghali kuliko yote kulirekebisha. Anza na karatasi.

Soma mazungumzo yao na ujiulize kila mmoja anataka nini kutoka kwa mwenzake dakika hiyo. Jibu likiwa "anataka wawe pamoja", sini imelala. Joto linatokana na watu wawili ambao kila mmoja ana kitu anachotaka kukipata na kitu anachotaka kukificha kwa wakati mmoja. Wapenzi wanaokubaliana kila sentensi ni wapole, wanapendeza, na mtazamaji anatafuta simu yake.

Karatasi ikiwa safi, nenda chumba cha uhariri. Lev Kuleshov, muongozaji wa Urusi wa enzi za filamu bubu, alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba uso ule ule usiobadilika, ukiunganishwa na picha tofauti, husomwa na watazamaji kana kwamba una hisia tofauti. Kwa anayehariri mapenzi, maana yake ni hii: joto liko kwa anayesikiliza. Tabia ya kukata kila mara kwenda kwa anayezungumza inafaa sini ya mahakamani. Kwenye sini ya mapenzi, maneno ya Kito yakiwa yanasikika, sisi tunataka uso wa Rehema. Angalia pia kama wawili hao wamewahi kuonekana ndani ya shoti moja, yaani picha moja isiyokatwa. Nimeona sini za mapenzi zilizojengwa kwa uso mmoja mmoja mwanzo hadi mwisho, kila mtu kwenye shoti yake. Hapo mtazamaji anaombwa aamini ukaribu ambao kamera yenyewe imekataa kuuonyesha.

Rudi kidogo kwenye Before Sunrise. Wanasimama wawili kwenye kibanda chembamba cha duka la santuri, wimbo unacheza. Huyu akitazama, yule anakwepa macho, na yule akitazama, huyu anakwepa. Hakuna neno linalosemwa, na kamera haikati. Kama wangekatwa mmoja mmoja, mchezo wote ungepotea, kwa kuwa utamu wake ni kuona macho mawili yakikosana ndani ya fremu moja.

Mwili nao una sehemu yake. Katika Pride & Prejudice ya 2005, iliyoongozwa na Joe Wright, Darcy anamshika Elizabeth mkono kumpandisha kwenye gari la farasi, anageuka kwenda zake, na kamera inashuka hadi kwenye mkono wake, vidole vikijinyoosha. Ni shoti ya sekunde chache, na miaka mingi baadaye bado inazungumzwa. Haikuhitaji ujuzi wa ajabu. Ilihitaji dunia ambamo kugusana kuna masharti, ili mguso mdogo uwe habari. Wahusika wako wakiwa wanashikana mabega, wanakumbatiana na kugongana tangu dakika ya kwanza, umeshatumia sarafu zako zote mlangoni.

Kuhusu mabusu, ushauri wangu ni wa kikatili: futa nusu ya kwanza. Enzi ambazo filamu za Marekani zilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, busu refu lilikuwa halipiti, na desturi ilikuwa lisizidi sekunde tatu hivi. Alfred Hitchcock, katika Notorious ya 1946, aliwafanya Ingrid Bergman na Cary Grant wabusiane kidogo kidogo huku wakiongea, wakitembea kuelekea kwenye simu bila kuachana, kwa zaidi ya dakika mbili. Wanachozungumza ni chakula cha jioni na kuosha vyombo. Kinachowaka pale ni watu wawili wenye shughuli za kawaida ambao wanashindwa kuachiana. Marufuku ilimlazimisha muongozaji atafute kitu cha kufanya kati ya mabusu, na hicho ndicho skripti nyingi za leo, zisizo na marufuku yoyote, hazitafuti.

Mtazamaji anapiga kelele: "Si umwambie tu!"

Kizuizi ni kibovu. Fanya kipimo hiki: waweke wawili hao mezani dakika kumi, kila mmoja aseme yote anayoyajua bila kuficha. Hadithi ikiisha hapo, ulichonacho ni ucheleweshaji. Ikizidi kuwa ngumu, una kizuizi.

Rehema anamwona Kito akikumbatiwa na mwanamke mlangoni, anaondoka akilia, na epizodi tatu baadaye tunaambiwa yule ni dada yake. (Dada huyo amefanya kazi kwenye tamthilia nyingi mno. Apewe kiinua mgongo, apumzike.) Dakika kumi zinaliua tatizo hilo, tena zinabaki tisa. Lakini tuseme mwenzake Rehema alifia darajani usiku mmoja akiwa kazini, na sauti iliyompeleka huko ilikuwa ya Kito. Kito anajua. Rehema hajui. Wakae dakika kumi waambiane yote, halafu utazame wanavyoinuka. Ukweli haukutatua kitu, umefungua kazi mpya, na ile huruma ya barabara ya juu sasa inasomeka upya: ilikuwa upendo, au ilikuwa hatia?

Kutoelewana kwenyewe hakujakatazwa. Kunafanya kazi mhusika anapoamini jambo lisilo kweli kwa sababu ya tabia yake, yaani ana kiburi, au ameshaumizwa akazoea kutegemea mabaya. Mtazamaji humkasirikia, lakini humwelewa. Asichosamehe ni mlango uliofungwa sekunde moja kabla ya neno muhimu, au simu iliyoishiwa chaji siku ile ile.

Mmoja ni mtu, mwingine ni zawadi

Funika jina la mhusika mkuu na usome hadithi ya mwenzake peke yake. Ana kazi ambayo tunamwona akiifanya? Kuna mtu anayemchukia? Alikuwa anataka nini asubuhi ya siku waliyokutana? Ukikosa, una mtu mmoja anayempenda mwanasesere. Dawa si kumwongezea historia ya utotoni yenye machozi, ambayo ndiyo dawa inayopendwa. Mpe sini moja ambamo anafanya uamuzi unaomuumiza mhusika mkuu, na mwandishi akiwa upande wake.

Marafiki ndio wanaotuambia

"Nyie mnapendana, ila hamjui tu." Rafiki akishasema hivyo mara mbili, mwandishi ameshaingiwa na wasiwasi. Futa mistari hiyo yote, kisha usome tena. Kama penzi limetoweka pamoja nayo, rudi kwenye karatasi ya mwanzo.

Ugomvi uliopewa jina la mapenzi

Mahasimu wanaoishia kupendana ni mtindo unaopendwa, na una haki ya kupendwa. Watu wanaogombana angalau wanatazamana. Hitilafu huanza pale mwandishi anapodhani kwamba ukali wowote ni mvutano.

Sikiliza ugomvi wao kwa makini. Mtu anayegombana na anayemvutia humsikiliza kuliko marafiki zake wanavyomsikiliza, na wiki mbili baadaye humrudishia maneno yake neno kwa neno. Hiyo ndiyo mbegu. Ikiwa kila mmoja anatupa tusi lake bila kujali alichoambiwa, wanapokezana kelele tu. Angalia pia nani anashinda. Mmoja akishinda kila mara, au akimdhalilisha mwenzake mbele za watu bila kulipia, mtazamaji atakumbuka hata kama wewe umesahau. Samahani ya mstari mmoja katika epizodi ya 14 haifuti kilichofanyika ya tatu. Anayeomba radhi lazima apoteze kitu, tena mbele ya wale wale walioshuhudia.

Halafu kuna yule aliyekataliwa asiyekoma. Anamfuata kazini, anasimama nje ya dirisha usiku, anaghairi safari ya mwenzake bila kumuuliza, na muziki unatuhakikishia kwamba haya ni mapenzi makubwa. Zima sauti. Tazama sini ile bila muziki, bila maneno. Ikiwa unachokiona kinaogofya, basi kinaogofya, na sehemu kubwa ya watazamaji wako walishaliona hilo hata sauti ikiwa juu.

Pembetatu ambayo mshindi anajulikana

Wanaume wawili wanampenda mwanamke mmoja, na yule wa pili ni mbinafsi, ana dharau, ana gari la kifahari. Hakuna ushindani hapo. Wakati wa kupiga picha za Casablanca ya 1942 skripti ilikuwa bado inaandikwa, na Bergman huyo huyo wa Notorious alisimulia baadaye kwamba hakujua mhusika wake ataondoka na mwanamume yupi. Alilazimika kuwatazama wote wawili kwa uzito. Wewe unajua mwisho wako, lakini andika kila sini ya yule atakayeshindwa kana kwamba yeye ndiye atakayeshinda. Ukishindwa, mtoe. Hadithi ya wawili haidaiwi mtu wa tatu.

Wamepatana, na tamthilia imekufa

Hofu hii imewasumbua waandishi wa tamthilia kwa miaka mingi: wakishakuwa pamoja, watazamaji watakimbia. Ushahidi unaotajwa siku zote ni Moonlighting, iliyorushwa na ABC ya Marekani kati ya 1985 na 1989, Cybill Shepherd na Bruce Willis wakiwa wapelelezi wanaobishana kutwa. Mwaka 1987 wahusika hao walilala pamoja, na tamthilia ikaanza kuporomoka. Ikawa msemo kabisa, kwamba kuna laana.

Lakini soma faili lote la mgonjwa. Msimu uliofuata Shepherd alikuwa mjamzito, na Willis alikuwa akiigiza Die Hard, iliyotoka 1988. Wahusika wao wakatenganishwa, epizodi baada ya epizodi, hawako hata mji mmoja. Muasisi wa tamthilia, Glenn Gordon Caron, akaondoka. Mwaka 1988 ukaja mgomo wa waandishi. Tamthilia iliyosimama juu ya mabishano ya watu wawili ilinyimwa watu hao wawili kwenye chumba kimoja, halafu lawama ikaenda kwa kitanda. Tangu hapo tamthilia chungu nzima zimewatenga wapenzi wao kwa visingizio vya kila aina, ajali za kupoteza kumbukumbu zikiwemo, zikijitibu ugonjwa ambao hazina.

Ukiona dalili hii kwako, kuna vyanzo viwili vya kukagua. Cha kwanza: hadithi ilikuwa na swali moja tu, "watapatana?", na limejibiwa. Swali la pili linapaswa kupandwa kabla la kwanza halijajibiwa, na liwe la aina ambayo haliwezi kuulizwa hadi wawe pamoja. Kito na Rehema wana lao tayari. Kito anampenda mtu ambaye kazi yake inamtaka ampeleke kwenye hatari kila usiku. Ataweza kumtuma? Je, atawatuma wengine badala yake, na wenzake wakigundua? Na Rehema, akijua kwamba anapendelewa, ataikubali barabara ya juu kama alivyoikubali ile mara ya kwanza? Maswali haya yasingekuwepo wakiwa bado wanatamaniana tu kwa redio.

Cha pili ni kwamba wamepoteza tabia zao. Mbishi amekuwa mpole, mkimya ameanza kueleza hisia zake kwa aya nzima, na wote wawili wanatazamana wakitabasamu. Tulipenda ubishi, wakatunyang'anya ubishi. Wale wawili wa Vienna walirudi mwaka 2004 na tena 2013, na katika hiyo filamu ya tatu, wakiwa tayari wana watoto, wanagombana kwa muda mrefu ndani ya chumba cha hoteli. Ni mtindo ule ule wa kuongea bila kukoma uliowakutanisha, ila sasa kila mmoja anajua hasa pa kumchoma mwenzake. Mapatano hayakuwabadilisha. Yalipandisha bei ya kila neno.

Umepima vyote, na bado

Kuna uwezekano ambao watayarishaji hawapendi kuusikia: hadithi haikuwa ya mapenzi. Rehema na Kito wanaweza kuwa watu wawili wanaotegemeana usiku, wanaoaminiana kuliko wanavyowaamini wa nyumbani kwao, na busu likawekwa kwa sababu mmoja ni mwanamke, mwingine ni mwanamume, na bango la matangazo lilihitaji nyuso mbili zilizokaribiana.

Kupima ni rahisi. Andaa toleo la pili, ondoa busu na tamko la mapenzi, usiguse kitu kingine. Waonyeshe watu wachache ambao hawajawahi kuiona kazi hiyo, usiwaeleze chochote, kisha waache waongee wenyewe. Wakiuliza, "Mbona wale wawili hawakuambiana?" basi penzi limo, rudisha ulichoondoa na ufanye upunguzaji wa mabusu kama ilivyoelezwa juu. Wasipouliza, peleka toleo hilo la pili.